P. K. Rosy na filamu yake moja: yanayosemwa na yaliyotokea

Sinema ya Kimalayalam, ambayo makao yake ni jimbo la Kerala kusini-magharibi mwa India, ilianza na mwanamke ambaye hakuachwa aendelee. P. K. Rosy aliigiza filamu moja tu, filamu bubu iitwayo Vigathakumaran, yaani "Mtoto Aliyepotea", iliyotengenezwa na J. C. Daniel katika mji wa Trivandrum, ambao leo huitwa Thiruvananthapuram. Filamu hiyo ilipoonyeshwa, sehemu ya watazamaji walimgeukia, naye akauhama mji na kuiacha sanaa. Kwa miongo mingi jina lake halikusikika. Siku hizi linatajwa sana, hasa tangu Google ilipoweka mchoro wake kwenye ukurasa wake wa mbele tarehe 10 Februari 2023, siku inayohesabiwa kuwa alizaliwa mwaka 1903, na kadiri linavyotajwa ndivyo maelezo yenye makosa yanavyozidi kuenea. Mengi yanatoka kwa watu wanaomtakia mema. Hata hivyo yana madhara, kwa sababu karibu yote yanamwondolea Rosy kitu kile kile alichoondolewa na umati ule: kwamba alikuwa msanii, na kwamba kazi yake aliijua.

"Alikuwa mwanamke wa kwanza kuigiza filamu nchini India"

Sivyo. Filamu ndefu ya kwanza ya India, ya Dadasaheb Phalke, ilionyeshwa mwaka 1913, na ndani yake nafasi ya malkia iliigizwa na mwanamume, Anna Salunke, kwa kuwa hakupatikana mwanamke aliyekubali kusimama mbele ya kamera. Haukupita muda mrefu, katika filamu nyingine ya Phalke huyo huyo, Durgabai Kamat na binti yake Kamlabai wakajitokeza. Rosy alikuja zaidi ya miaka kumi baadaye. Utangulizi wake ni katika sinema ya Kimalayalam, na pia ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwigizaji wa kwanza wa kike kutoka jamii za Wadalit, yaani wale waliokuwa wakiitwa "wasioguswa", katika sinema ya India nzima. Sifa hizo mbili ni kubwa vya kutosha, wala hazihitaji kuongezwa ya tatu.

Tarehe nayo huchanganywa. Maandishi mengi ya zamani husema filamu ilizinduliwa tarehe 7 Novemba 1928, ilhali watafiti wa baadaye wamependelea tarehe 23 Oktoba 1930. Anayeandika mwaka mmoja kana kwamba mwingine haujawahi kutajwa anamnyima msomaji habari muhimu, na tutaona mbele kwamba tofauti ya miaka hiyo miwili si jambo dogo.

"Alikuwa kibarua aliyeokotwa shambani"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, labda kwa sababu husimuliwa kwa sauti ya huruma. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, Daniel alikuwa akitafuta mwanamke wa kuigiza, akakosa, ndipo akamchukua msichana maskini aliyekuwa akikata majani, akamvisha vito, akamweka mbele ya kamera. Kilicho kweli ndani yake ni umaskini. Rosy alizaliwa katika familia ya Wapulaya, tabaka la watu waliolima mashamba ya wengine, na kukata majani na kuyauza ilikuwa sehemu ya maisha ya nyumba yake. Ni kweli pia kwamba hakuwa chaguo la kwanza la Daniel, ambaye inasimuliwa kuwa alimtafuta kwanza mwigizaji kutoka Bombay na mpango huo ukashindikana.

Lakini Daniel hakumpata mtu asiyejua kitu. Kabla ya kamera kumfikia, Rosy alikuwa akiigiza Kakkarissi Natakam, mchezo wa jukwaani wa kienyeji wa kusini mwa Travancore, ufalme uliokuwa na Trivandrum ndani yake, wenye nyimbo, ngoma na mazungumzo. Katika mchezo huo mungu Shiva na mkewe Parvati hushuka duniani kwa sura ya Kakkan na Kakkathi, mume na mke wa jamii ya watu wanaotembea vijiji kwa vijiji wakipiga ramli, wakaanza kuulizwa na wenyeji wao ni nani, wanatoka wapi, na wanaishi kwa desturi gani. Lugha yake huchanganya Kimalayalam na Kitamil. Mwigizaji wake hana pa kujificha: anaimba, anacheza, anajibizana kwa mashairi na mizaha, na watazamaji wamekaa karibu naye kiasi cha kumrudishia neno akikosea. Zaidi ya hayo, nafasi za wanawake katika mchezo huo zilizoea kuigizwa na wanaume, kwa hiyo Rosy alikuwa amekwisha kuvuka kizuizi kimoja kabla hajakikuta kingine.

Inasimuliwa kwamba siku za kupiga picha alifika asubuhi na chakula chake cha mchana alichokibeba kutoka nyumbani, akafanya kazi hadi jioni, kisha akaondoka kwenda kuigiza Kakkarissi usiku. Malipo yanayotajwa ni rupia 5 kwa siku, kwa siku 10. Ukiitazama ratiba hiyo kwa makini humwoni msichana aliyeokotwa. Unamwona mtu wa kazi, mwenye shughuli mbili za sanaa kwa siku moja, na mojawapo ilikuwa yake kabla Daniel hajaja na itakuwa yake akishaondoka. Ndivyo alivyodhani, bila shaka.

Kuhusu jina, yeye alizaliwa Rajamma. Wengine husema wazazi wake walipoingia Ukristo aliitwa Rosamma, na wengine kwamba ni Daniel aliyemchagulia "Rosy" ili lipendeze kwenye tangazo. Kwa vyovyote vile, jina hilo peke yake si ushahidi wa dini aliyoifuata.

"Walimchukia kwa sababu mwanamke hakutakiwa kuigiza"

Ni nusu ya kweli, na nusu hiyo imeficha nusu nyingine. Ni kweli kwamba katika India ya wakati ule mwanamke aliyejionyesha jukwaani au kwenye filamu alisemwa vibaya, awe wa tabaka lolote. Lakini Rosy alikuwa akiigiza hadharani siku zote, mbele ya watu wa mji ule ule, na hakuna aliyemfukuza. Kilichowasha moto ni nafasi aliyopewa. Katika Vigathakumaran aliigiza kama Sarojini, mwanamke wa tabaka la Wanair.

Msomaji asiyeishi na mfumo huo anahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Travancore ilikuwa ufalme uliotawaliwa na maharaja chini ya ulinzi wa Waingereza, na watu wake walipangwa kwa matabaka ya kuzaliwa ambayo mtu hawezi kuyatoka. Juu walikuwa makuhani wa Kinambudiri. Wanair walikuwa wenye ardhi, askari na maofisa. Na chini kabisa walikuwa watu kama Wapulaya. Hadi mwaka 1855, utumwa ulipopigwa marufuku katika ufalme huo, Mpulaya aliweza kuuzwa pamoja na shamba alilolilima. Sheria ilibadilika, desturi ikabaki. Wapulaya walitakiwa kukaa mbali na watu wa matabaka ya juu kwa umbali uliopimwa, kwa kuwa hata kukaribia kwao kulihesabiwa kuwa ni najisi. Mwaka 1893, Ayyankali, kiongozi mkubwa wa Wapulaya, alipanda mkokoteni wa ng'ombe na kupita nao kwenye barabara ya hadhara, na safari hiyo ikakumbukwa kama uasi. Mwaka 1924 na 1925 watu walikaa mbele ya hekalu la Vaikom kwa zaidi ya mwaka na nusu wakidai ruhusa ya kupita tu kwenye njia zinazolizunguka. Milango ya mahekalu ya serikali ya Travancore haikufunguliwa kwa matabaka yote hadi tarehe 12 Novemba 1936, miaka kadhaa baada ya Rosy kuondoka.

Lugha nayo ilikuwa na mipaka yake. Mpulaya alipozungumza na bwana wake hakutakiwa kusema "mimi". Alitakiwa kusema adiyan, "mtumwa wako". Hapa ndipo ninapoona kwamba ububu wa filamu ile ulikuwa na maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwenye turubai hapakuwa na sauti ya kumtenga Rosy na mtu yeyote. Kilichoonekana ni mwanamke aliyevaa mavazi na vito vya Kinair, anayetembea kama mwenye nyumba, anayependwa na kijana wa hadhi. Watazamaji waliomjua walimwona mtu ambaye, kwa macho tu, hakuwa na alama yoyote ya tabaka alilozaliwa nalo. Kama tofauti kati ya Mnair na Mpulaya ingaliweza kuvuliwa na kuvaliwa kama vazi, basi msingi wa mambo yao mengi ulikuwa umetikiswa, na naamini walilielewa hilo haraka kuliko Daniel mwenyewe.

Onyesho la kwanza lilifanyika katika ukumbi wa Capitol mjini Trivandrum, likafunguliwa na wakili mashuhuri, Malloor Govinda Pillai. Inasimuliwa kwamba baadhi ya waheshimiwa walikataa kukaa ukumbi mmoja na Rosy, hivyo mwigizaji mkuu wa kike akazuiwa kuitazama kazi yake mwenyewe siku ya uzinduzi. Sehemu inayotajwa na kila anayesimulia ni ile ambayo mpenzi wa Sarojini analibusu ua lililo kwenye nywele zake. Hakumbusu yeye, alilibusu ua. Mawe yakarushwa kwenye turubai. Masimulizi yaliyokusanywa baadaye yanasema kwamba fujo hazikuishia ukumbini bali zilimfuata hadi kwao, nyumba ikachomwa moto, na Rosy akatoroka usiku kwa lori.

Kwa hiyo anayesema kwamba "jamii ya wakati ule haikupenda wanawake waigize" anaifanya dhuluma mahususi ionekane kama ushamba wa zamani wa watu wote. Haikuwa hivyo. Alikuwa Mpulaya aliyethubutu kufanana na Mnair.

"Yeye ndiye aliyeiangusha filamu"

Kuna wanaosema kwamba Daniel alifilisika kwa kosa la kumchagua Rosy, na kwamba angalichukua mwanamke mwingine sinema ya Kimalayalam ingalianza vizuri. Maneno haya humtwisha aliyepigwa mawe lawama ya waliorusha. Pia hayatoshi kuelezea kilichotokea. Filamu ilipelekwa Alappuzha na miji mingine baada ya Trivandrum. Daniel alikuwa ameuza ardhi yake kugharimia kamera, studio na uzalishaji wote, hakuwa na mwenzi wa fedha, na aliingia kwenye filamu bubu wakati filamu bubu zilikuwa zinaelekea mwisho wake. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti ilitoka mwaka 1931. Tukifuata tarehe ya 1930, basi Vigathakumaran ilikuwa na miezi michache tu ya maisha kabla ya watazamaji kuanza kutaka waigizaji wanaosema. Tukifuata ya 1928, ilikuwa na nafasi kubwa zaidi, na fujo za Trivandrum zinabeba sehemu kubwa zaidi ya hasara. Ndiyo maana nilisema tarehe si jambo dogo. Filamu ya pili ya Kimalayalam, Marthanda Varma ya mwaka 1933, ilikuwa bubu pia, nayo ikazuiwa na kesi ya haki za riwaya ambayo filamu hiyo ilitokana nayo, ingawa ndani yake hapakuwa na Rosy wa kulaumiwa. Ya kwanza yenye sauti, Balan, ilikuja mwaka 1938.

Daniel mwenyewe, inafaa kusemwa, hakuwa bwana wa tabaka la juu aliyecheza na maisha ya mnyonge. Alitoka jamii ya Wanadar Wakristo, watu ambao wanawake wao walipata ruhusa rasmi ya kufunika vifua vyao hadharani mwaka 1859 tu, baada ya mapambano ya miaka mingi. Alipoteza mali, akaacha filamu, akafanya kazi ya udaktari wa meno, na akafariki mwaka 1975 akiwa hana kitu. Hata hivyo tofauti yao ibaki wazi: yeye aliweza kuendelea kuitwa Daniel.

"Alikimbilia Tamil Nadu akatoweka"

Tuanze na ramani. Rosy aliishi Nagercoil, mji ambao leo uko katika jimbo la Tamil Nadu, na ndiyo maana karibu kila mwandishi husema alivuka mpaka. Lakini wakati ule Nagercoil ilikuwa ndani ya Travancore hiyo hiyo. Eneo hilo lilihamishiwa jimbo la Madras tarehe 1 Novemba 1956, Kerala ilipoundwa, na Madras ikaitwa Tamil Nadu mwaka 1969. Rosy basi hakukimbilia nchi nyingine wala utawala mwingine. Sheria zilikuwa zile zile na maharaja alikuwa yule yule. Kilichomlinda hakikuwa mpaka. Kilichomlinda ni kutojulikana, na hilo lilimlazimu aendelee kutojulikana kila siku.

Wala hakutoweka kwa maana ya kufa kwa huzuni muda mfupi baadaye, kama wengine wanavyomalizia hadithi. Aliolewa na dereva wa lori aliyeitwa Kesava Pillai, ambaye alikuwa Mnair, akajulikana kama Rajammal, akazaa watoto na kuwalea. Watoto hao walikua kama Wanair. Yale aliyopigiwa mawe kwa kuyaigiza siku chache mbele ya kamera, ndiyo aliyoyaishi kwa miaka mingi ndani ya nyumba yake, jikoni na sebuleni, na sharti la kuyaishi lilikuwa kutotaja kamera wala Kakkarissi. Hakurudi kuigiza. Naona hapa ndipo ulipo uzito halisi wa neno "kazi fupi": haikufupishwa na ndoa, wala uzee, wala kukosa kipaji, na mwanamke mwenyewe alibaki hai, mwenye nguvu na kumbukumbu, huku sinema ya lugha yake ikikua bila yeye.

"Kerala imemuenzi pamoja na Daniel"

Sio kwa kipimo kimoja. Daniel alirudishwa kwenye historia na mwandishi wa habari Chelangatt Gopalakrishnan, aliyeanza kumtafuta katika miaka ya 1960, na mwaka 1992 serikali ya Kerala ilianzisha tuzo ya J. C. Daniel, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa ya jimbo hilo kwa mtu wa sinema ya Kimalayalam. Rosy alirudishwa kwa njia nyingine, polepole, na waandishi na wanaharakati, wengi wao Wadalit, kuanzia makala za Kunnukuzhi Mani za miaka ya 1970. Filamu ya mwaka 2013 kuhusu maisha ya Daniel, Celluloid ya mwongozaji Kamal, iliwafanya watu wengi wamsikie Rosy kwa mara ya kwanza, na kwa hilo inastahili shukrani. Lakini pia ililalamikiwa kwamba imemwonyesha kama msichana mwoga, mwenye kustaajabia kila anachofanyiwa, na naona lalamiko hilo ni la haki: mtu aliyezoea kujibizana na umati kwenye jukwaa la Kakkarissi hakuwa mtu wa kushangazwa na kioo. Mwaka 2019, umoja wa wanawake wa sinema ya Kerala, Women in Cinema Collective, ulianzisha jumuiya ya kutazama filamu na kuipa jina la P. K. Rosy. Kati ya tuzo ya Daniel na jumuiya hiyo ipo miaka 27.

"Kuna video yake mtandaoni"

Hakuna. Nakala ya Vigathakumaran haijulikani kuwepo popote. Filamu za wakati ule zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuwaka kwa nguvu, na inasimuliwa kwamba mikanda iliyobaki nyumbani kwa Daniel iliteketezwa na mtoto wake mdogo, aliyekuwa akiichoma kipande kwa kipande kwa mchezo kwa sababu aliupenda mwali wake. Kwa hiyo mwanamke anayeonekana akitembea, akigeuka na kutabasamu katika video zinazobeba jina la Rosy ni Chandni, mwigizaji wa filamu ya mwaka 2013, na uso uliowekwa na Google ni mchoro. Hata picha ya kahawia inayozungushwa sana kama yake imetiliwa shaka. Anayeitumia picha yoyote kati ya hizo aandike chini yake ni ya nani na ya mwaka gani, kwa sababu Sarojini wa Rosy, mwenye ua kwenye nywele, alionekana na watu waliokaa mbele ya turubai za wakati ule tu, na baadhi yao walikuja na mawe.